Sampuli Nambari 318

Gunia lilitoka Khwisero, wimbi, kilo tisini.
Mimi nikapewa konzi moja ndani ya bahasha
niimwage juu ya karatasi nyeupe
hapa Nakuru, chumba cha tatu,
dirisha linalotazama maghala ya ngano.

Kibano. Lenzi. Taa yenye shingo ndefu.
Wimbi kushoto, changarawe kulia,
mguu wa mdudu, kipande cha bua,
na kisichojulikana katikati,
kama mgeni aliyekosa kiti.

Zilikuwa kumi na mbili.
Njano ya kiini cha yai la kienyeji,
mbili zimekolea hadi rangi ya chungwa,
moja ya hudhurungi, imejikunyata.
Laini mno: zinachopoka kibanoni, zinaruka,
nazitafuta chini ya meza nimepiga magoti.
Ukubwa: milimita tatu na ushei.
Umbo: moyo uliolalia ubavu,
au figo,
au ngumi ya mtoto mchanga aliyeficha kidole gumba.
Hapo palipofichwa gumba ndipo penye kitovu.

Maana mbegu nayo ina kitovu.
Kaza jicho utaliona kovu,
pale ilipoachana na ganda, na mama.
Jamii ya kunde, basi. Hadi hapo sina shaka.
Lakini ukoo si jina.

Kitabu cha maabara kina picha tatu zinazofanana nazo
kama ndugu waliovaa sare ya shule moja.
Nikazitia majini: zikazama, zikakataa kulowa.
Asubuhi zilikuwa ngumu vilevile,
kana kwamba usiku haukuzipitia.

Bwana Chepkwony alichungulia mara mbili.
"Fomu ina kisanduku," akasema.
"Gugu, au si gugu."

Saa saba nikampigia shangazi Kageha, Chavakali.
Nikamweleza rangi, milimita, moyo uliolala.
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake,
na mtu anapasua kuni.
"Inaliaje?"
Nikamwambia, shangazi, mbegu hailii.
"Tia kwenye kibiriti. Tikisa."

Nikamwaga njiti mezani, nikazitia, nikatikisa
karibu na simu:
manyunyu juu ya bati la choo.

"Marejea," akasema papo hapo,
kama mtu anayemtaja jirani apitaye barabarani.
"Wajaluo huita mitoo. Ganda likikauka hulia hivyohivyo;
tulikuwa tukiyafunga miguuni, tukicheza harusi,
na bibi harusi daima alikuwa mama yako."

Ni mboga, basi?
"Ipo ya chungu, chungu kweli, utie maziwa na munyu.
Na ipo iliyomaliza ndama wawili wa Imbuka.
Mbegu zao, mwanangu, nani azitenganishe?"
Nitajuaje?
"Panda."

Panda. Na fomu inadaiwa leo kabla ya saa kumi,
na mwenye gunia amekaa nje kwenye benchi,
viatu vyake bado vina udongo mwekundu,
ameshauliza bei ya kulala mjini.

Marejea: jina lenyewe limekwisha kukuonya.
Utaling'oa, utalichoma,
mvua za Machi zitalikuta limeshafika,
limekaa kwenye mstari wa wimbi
kama lililopandwa kwa kamba.

Nilitikisa tena, bila sababu.
Bwana Chepkwony akasimama mlangoni, kikombe mkononi.
"Kipkururiet," akasema, polepole,
kwa sauti ambayo sijaisikia ofisini.
Kisha akakohoa.
"Andika gugu."

Nikaandika. Jamii ya kunde. Marejea.
Aina haijathibitishwa. Gugu: ndiyo.
Idadi:
kalamu ikasita hapo kidogo,
wino ukafanya nukta.

Kumi na moja.

Njia nzima hadi Kaptembwo
koti langu lilikuwa likigonga,
kitu kimoja, kidogo, ndani ya kibiriti,
na kila nilipoongeza mwendo
nacho kiliongeza.